UZI: Kupima ukakamavu wa mfupa kwa altrasaundi, bila kuuvunja

FundiVipimo_Tudor

Salaam aleikum, na habari za jioni kwa ambao sikuwasalimia.

Kule kwenye uzi wa afya nimeona watu wakibishana kuhusu vipimo vya mifupa, na wengi wanachanganya mambo mawili: wingi wa madini yaliyo ndani ya mfupa, na ukakamavu wa mfupa wenyewe, yaani unavyokataa kubanwa au kupinda. Mimi kazi yangu ni maabara, hapa hapa Tudor, Mombasa, na napima mifupa ya ng'ombe kwa mawimbi ya altrasaundi. Nataka nieleze kipimo hiki kinakwambia nini na kinanyamaza wapi. Mwenye swali aulize tu.

Msingi wake si mrefu. Kitu kikiwa kikakamavu, sauti hukipita kwa kasi. Hewani sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwenye maji kama 1,480, kwenye nyama ya mwili 1,540 hivi. Kwenye mfupa mgumu wa paja, ukiipitisha sauti kwa urefu wa mfupa, inakaribia 4,000. Sasa chukua msongamano wa mfupa, yaani kilo kwa kila mita ya ujazo, ambao kwa mfupa mgumu ni kama 1,900, zidisha kwa kasi, kisha kwa kasi tena. 1,900 mara 4,000 mara 4,000 ni gigapaskali 30.4. Huo ndio ukakamavu wa mfupa kwa upande ule uliopitisha wimbi. Una maana yake maalumu na nitaieleza swali likija, maana najua litakuja.

Faida kubwa ni kwamba mfupa unabaki mzima. Mashine ya kuvuta au kukandamiza inataka kipande kirefu, na ukimaliza una vipande viwili vya kutupa. Kwa altrasaundi nakata kijipande cha milimita 6 kila upande, nakipima kwa urefu, kwa mzunguko, na kutoka nje kuelekea kwenye uboho. Kipande ni kile kile kimoja, namba ni tatu. Sidney Lang alichapisha vipimo vya namna hii vya mfupa wa ng'ombe kwenye jarida la Science mwaka 1969, na mwaka 1984 Ashman na wenzake wakaonyesha namna ya kuupima mfupa wa paja kwa mawimbi yanayoendelea bila kukatika. Kwa hiyo si jambo la jana.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Mfupa unakatwa polepole huku maji yakiumwagikia, usipate joto. Nyuso zinasuguliwa kwa msasa mpaka zilingane, halafu napima unene kwa maikromita. Probu moja inatuma pigo, ya pili inapokea upande wa pili, na baina ya probu na mfupa napaka jeli, kwa sababu hewa hata kama ni nyembamba vipi hulizuia wimbi lisipite. Kwenye skrini ya osiloskopu unaona mstari umenyooka, kisha ghafla unainuka. Pale unapoanza kuinuka ndipo wimbi lilipofika.

Na hapo ndipo penye kazi. Kipande cha milimita 6 kwa kasi ya mita 4,000 kinapitwa kwa maikrosekunde 1.5. Ukikosea maikrosekunde 0.1 tu, kasi imekwenda kombo kwa karibu asilimia 7, na kwa kuwa kasi inazidishwa mara mbili, ukakamavu unakwenda kombo kwa asilimia 13 hivi. Ndiyo maana kwanza nazigusanisha probu mbili bila mfupa, nasoma muda unaoliwa na waya, jeli na probu zenyewe, kisha naupunguza kwenye kila kipimo. Anayeiruka hatua hii anapima waya zake pamoja na mfupa.

BuchaKongowea

Ami, nimesoma yote. Mimi mifupa nshakata mingi tangu ujana, na wallahi mfupa wa ng'ombe mzee si kama wa ndama. Wa ndama msumeno unapita kimya, wa mzee unalia na unga unatoka mkavu. Hiyo altrasaundi yako itaiona tofauti hii? Na je, mfupa wa supu ulioshachemshwa unafaa kupimwa? Manake hiyo ndiyo rahisi kupatikana.

FundiVipimo_Tudor

Ami, unachokisikia kwenye msumeno ni kitu cha kweli. Mfupa wa ng'ombe anayekua haraka umejengwa kwa tabaka tabaka. Baadaye mwili huuvunja na kuujenga upya, na mahali pa zile tabaka huja vijibomba vilivyolala kwa urefu wa mfupa, kila kimoja na mshipa wake mdogo wa damu katikati. Madini nayo huzidi kadiri mnyama anavyokomaa. Yote mawili huibadilisha kasi ya sauti, kwa hiyo ndiyo, inaonekana.

Mfupa wa supu usiutumie. Mfupa una madini, ambayo ni takriban theluthi mbili ya uzito wake, na una kolajeni na maji. Kuchemsha kunaiharibu kolajeni, na unachopima hapo si mfupa aliokuwa nao ng'ombe. Ulioanikwa juani pia haufai: mfupa mkavu ni mkakamavu zaidi kuliko mbichi, wimbi linapita mbio zaidi, lakini unavunjika kirahisi. Nataka mfupa mbichi kutoka kwako, nauzungushia kitambaa kilicholowa maji ya chumvi ya hospitali, nautia kwenye mfuko na kuugandisha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Siku ya kupima nauacha uyeyuke ndani ya maji yale yale. Na kwa hali ya stima ya huku kwetu, friza lazima ikaguliwe, kwa sababu sitaki mfupa uyeyuke na kuganda tena na tena bila mtu kujua.

MpimaMeli

Ndugu yangu, uzi mzuri sana. Mimi niko Kilindini, napima unene wa mabamba ya meli kwa altrasaundi, kutu imekula kiasi gani. Na nimegundua kazi yako ni yangu iliyopinduliwa. Mimi kasi naijua: kwenye chuma ni kama mita 5,900 kwa sekunde. Ninachotafuta ni unene, kwa sababu upande wa pili wa bamba siufikii. Wewe unene unaujua kwa maikromita, na kasi ndiyo unayoitafuta.

Lakini nina shaka moja. Mimi nikishasawazisha mashine kwa kipande cha ngazi cha chuma, bamba lote linasomeka sawa, nikigeuza probu huku au kule. Mfupa ni kitu kilichoota. Huoni kwamba namba moja ya kasi haitoshi kuueleza?

FundiVipimo_Tudor

Umegusa penyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Namba moja haitoshi kabisa. Chukua boriti ya mkoko: kwa urefu wake inabeba dari la nyumba, lakini shoka likiingia kwa upande wa nyuzi inapasuka. Mfupa wa paja umejengwa kwa tabia hiyo. Vile vijibomba nilivyomweleza ami, na nyuzi za kolajeni pamoja na madini yaliyoshikamana nazo, vimeelekea zaidi kwa urefu, kwa sababu huko ndiko mzigo wa mwili unakoelekea. Ukipitisha sauti kwa urefu unapata kama mita 4,000. Ukiipitisha kutoka nje kwenda kwenye uboho unapata kama 3,300. Kwenye ukakamavu, ile ya kwanza ni gigapaskali 30 na ya pili ni kama 21. Kipande kile kile, nimekigeuza tu mkononi.

Kwa hiyo kabla ya kukata naweka alama ya kalamu kwenye kila uso, na alama haifutwi mpaka kazi iishe. Kipande kisicho na alama kwangu hakina thamani, hata kikiwa kimekatwa vizuri namna gani.

Mtu akitaka kuueleza mfupa kikamilifu anahitaji namba tisa za unyumbufu. Akiuchukulia mfupa kuwa sawa pande zote isipokuwa kwa urefu, namba tano zinatosha. Mashine ya kuvuta haiwezi kukupa tisa kutoka kipande kimoja. Altrasaundi inaweza: mawimbi ya kusukuma kwa pande tatu, mawimbi ya kukata (yanayotikisa kwa ubavu) kwa pande tatu, na vipande vilivyokatwa mshazari kwa zile tatu zilizobaki. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutumia njia hii, kuliko hata ile ya kutovunja.

Jambo la pili linalokutenganisha na mimi ni frikwensi. Wewe megahezi 5 zinakufaa. Mimi kwenye ganda gumu la mfupa natumia 2.25 au 5, sawa. Lakini mwisho wa mfupa, karibu na goti au kwenye kisigino, mfupa ni wa vitundu kama sponji, na vitundu vimejaa uboho wenye mafuta. Megahezi 5 hazitoki upande wa pili, zinaishia ndani. Pale nashuka mpaka nusu megahezi, na hata hivyo wimbi linatoka limechoka.

Na kwenye sponji hiyo kuna jambo la ajabu ambalo Hosokawa na Otani walilionyesha mwaka 1997 kwenye mfupa wa ng'ombe: wimbi moja likiingia, yanaweza kutoka mawili. La haraka linafuata zaidi vijiti vya mfupa, la polepole linafuata zaidi uboho. Ukiwa na pupa unasoma la kwanza tu na kudhani umemaliza. Kisha kuna mapovu. Mfupa wa sponji ukishakatwa hewa inaingia vitunduni, na povu dogo linalitawanya wimbi vibaya sana. Nautumbukiza kwenye maji ndani ya chombo cha kunyonya hewa, na unaona vijipovu vinatoka kimoja kimoja kwenye vitundu na kupanda juu. Naacha mpaka vikome.

Na joto la maji lazima liandikwe. Kwenye nyuzi 20 sauti inakwenda mita 1,482 kwenye maji safi, kwenye nyuzi 30 ni 1,509. Vitabu vingi vimeandikwa kwa chumba cha nyuzi 20, na chumba chetu mchana wa Machi kiko mbali na hapo.

MpimaMeli

Nimekuelewa. Nitakuletea kipande cha alumini kilichosagwa nyuso zote, unene unajulikana. Alumini ni mita 6,300 na kidogo kwa sekunde. Ukikipima na ukapata hiyo, utajua muda wako wa waya umeupunguza sawasawa. Kisha pima na pleksiglasi, iko karibu na 2,700. Mfupa wako uko baina ya hizo mbili, hivyo umeubana juu na chini.

FundiVipimo_Tudor

Hilo ni jambo jema, nalipokea kwa mikono miwili.

KijanaWaFizikia

Shikamoo bwana fundi. Mimi niko mwaka wa pili chuoni. Nilikata kipande cha mfupa wa paja la ng'ombe kufuata maelezo yako ya kule uzi wa zamani, probu za megahezi 2.25, mfupa umelowa. Msongamano nimeupata kwa kupima uzito hewani na ndani ya maji: 1,950. Kasi kwa urefu 4,050. Nikizidisha napata gigapaskali 32. Lakini kitabu kinasema moduli ya Young ya mfupa kwa urefu ni 17 mpaka 20. Nimekagua hesabu, nimekagua muda, sioni kasoro. Tofauti hii yote inatoka wapi?

FundiVipimo_Tudor

Marahaba, mdogo wangu. Hili ndilo swali nililosema litakuja, na kipimo chako ni kizuri. Namba zako mbili zinajibu maswali mawili tofauti.

Moduli ya Young ni hii: unachukua kijiti chembamba, unakivuta, kinarefuka na wakati huo huo kinapungua unene, hakuna wa kukizuia. Kwenye altrasaundi ya megahezi 2.25 urefu wa wimbi ni kasi kugawanya kwa frikwensi, yaani 4,050 kwa 2,250,000, ambayo ni milimita 1.8. Kipande chako ni kikubwa kuliko hapo. Sehemu inayosukumwa katikati ya mfupa inataka kutanuka kwa upande, lakini imebanwa na jirani zake kila mahali. Haina pa kwenda. Kwa hiyo inakataa kusukumwa kwa nguvu zaidi, na namba inakuwa kubwa. Ile 32 yako ni ukakamavu wa mfupa uliobanwa pembeni, na ni ya kweli.

Ukitaka moduli ya Young moja kwa moja, fanya kinyume: kijiti chembamba kirefu na frikwensi ya chini, tuseme kilohezi 50. Pale urefu wa wimbi unafika kama sentimita 6, kijiti kizima kinavutwa na kuachiliwa, na msongamano mara kasi mara kasi unakupa Young yenyewe. Utaona kasi nayo imeshuka, itakuwa elfu tatu na kidogo.

Njia nyingine ni kubaki na kipande chako na kupima wimbi la kukata, lile linalotikisa mfupa kwa ubavu badala ya kuusukuma mbele. Ukiwa na kasi zote mbili unaweza kukokotoa Young. Tafuta probu za kukata hapo chuoni, kisha urudi na namba.

BintiMvita

Samahanini kuingilia, mimi si mtu wa fizikia. Kaka FundiVipimo, nina swali la mama yangu. Kulikuwa na kambi ya afya mtaani, akatiwa mguu kwenye kijimashine, kisigino, akaambiwa namba yake ni hasi 2.7 na kwamba mifupa imekwisha, wakati wowote atavunjika. Pale pale akauziwa madawa ya mifupa ya pesa nyingi. Ana miaka 66, anatembea mwenyewe sokoni. Tangu siku hiyo ana hofu hata ya kupanda ngazi. Je, mashine ile ndiyo hii unayoeleza?

FundiVipimo_Tudor

Pole dadangu, na mpe mama pole zangu. Mashine ile ni ya jamii hii, lakini haipimi ukakamavu kama nilioueleza.

Mfupa wa kisigino umechaguliwa kwa sababu karibu wote ni wa sponji na ubavuni mwake kuko bapa pande zote mbili, probu zinakaa vizuri. Mashine inapima vitu viwili. Cha kwanza ni kasi ya sauti kisiginoni. Cha pili ni namna wimbi linavyozidi kufifia kadiri frikwensi inavyopanda, baina ya kilohezi 200 na 600. Hiki cha pili kilianzishwa na Langton, Palmer na Porter nchini Uingereza mwaka 1984. Mfupa wenye vijiti vingi hulififisha wimbi zaidi, uliopungua vijiti hulipitisha kirahisi.

Halafu mashine nyingi zinaviunganisha hivyo viwili kuwa namba moja. Mashine moja iliyoenea sana hufanya hivi: 0.67 mara kipimo cha kufifia, jumlisha 0.28 mara kasi, toa 420. Mtu mwenye 110 na 1,550 anapata karibu 88. Namba hiyo si gigapaskali, wala hujui mfupa wake unabeba kilo ngapi. Ni alama ya kulinganisha watu na watu. Na mashine haijui unene wa mfupa wa mtu aliye hai, inaujua umbali wa probu zake tu, na katikati mna ngozi, mafuta na mfupa kwa pamoja. Mguu uliovimba, au mguu wenye joto tofauti, huibadilisha namba bila mfupa kubadilika.

Kuhusu matibabu namwachia anayejua.

Fizio_Kisauni

Dada BintiMvita, nafanya kazi na wazee waliovunjika nyonga, basi niruhusu nimalizie.

Namba ile humlinganisha mtu na wastani wa vijana wenye afya. Kile kipimo cha hasi 2.5, mpaka wa kusema mtu ana ugonjwa wa mifupa kudhoofika, kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994 kiliwekwa kwa mashine ya deksa, ile ya eksirei mbili zenye nguvu tofauti inayopima wingi wa madini, na leo hutumika hasa kwa nyonga na uti wa mgongo. Hakikuwekwa kwa altrasaundi ya kisigino. Hasi 2.7 ya kisigino si hasi 2.7 ya nyonga, na hakuna anayetakiwa kumwambia mama yako ana ugonjwa kwa kipimo hicho peke yake. Na kumwambia atavunjika wakati wowote ni kumtia hofu bure. Mzee mwenye hofu hujifungia ndani, misuli inalegea, na hapo ndipo anaanguka kweli.

Hata hivyo usikidharau kipimo. Ufaransa walifuatilia zaidi ya wanawake wazee 5,000 katika utafiti wa EPIDOS, matokeo yakatoka kwenye Lancet mwaka 1996, na wale waliokuwa na altrasaundi ya chini kisiginoni walivunjika nyonga zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo namba ya chini ni sababu ya kwenda kwa daktari, aangaliwe vizuri. Mpeleke na ile karatasi. Ulizeni kuhusu deksa ya nyonga na mgongo. Mwambieni daktari kama ameshawahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu, kama amepungua urefu, kama anatumia dawa za steroidi za pumu au viungo, na kama mamake naye alivunjika nyonga. Yale madawa aliyouziwa yabebeni pia, yasomwe kilichomo. Na ngazi apande, ashike ukuta.

BintiMvita

Mungu awabariki nyote. Nimemsomea mama, amesema huyo dada wa Kisauni aongezewe umri. Swali la mwisho: kama deksa inapima madini na altrasaundi inapima ukakamavu, mbona altrasaundi isiwe bora? Si ukakamavu ndio tunaoutaka?

FundiVipimo_Tudor

Swali zito, na watafiti wengi waliingia kwenye kazi hii kwa tumaini hilo hilo. Deksa inaona madini tu, haioni yamepangwaje. Sauti inasikia mpangilio pia.

Lakini ukakamavu na nguvu ya kutovunjika ni vitu viwili. Wimbi la altrasaundi linautikisa mfupa kiasi kidogo mno, mfupa unarudi ulivyokuwa. Linapima mwanzo wa safari. Kuvunjika ni mwisho wa safari: ufa unaanza, unatafuta njia, na kolajeni ndiyo inayouzuia. Wimbi halifiki huko. Mfano niliompa ami wa mfupa mkavu ndio huo, kasi juu, lakini mfupa unapasuka haraka. Kuna hata ugonjwa wa kuzaliwa nao unaofanya mifupa iwe mizito na mikakamavu kama marumaru, osteopetrosisi, na wagonjwa wake huvunjika kirahisi. Deksa ingewasifu. Kwa mtoto ni kinyume: madini machache zaidi, mfupa unapinda kabla ya kuvunjika.

Kwa hiyo mtu akisema kasi ya sauti ni kubwa basi mfupa una nguvu, muulize ni mfupa wa nani na uko katika hali gani. Kwa mifupa ya kawaida ya watu wazima viwili hivyo huenda pamoja mara nyingi, ndiyo maana kipimo cha kisigino kinafaa kutabiri. Maabara ndimo tunamojua unene, msongamano na pande zote, na tunaweza kusema gigapaskali ngapi kwa uhakika. Kisiginoni mwa mama hatuna hayo.

Dereva_Bodaboda_Changamwe

Mimi nilivunjika mfupa wa mguu chini ya goti, nimewekewa chuma. Nimesikia altrasaundi inapima kama mfupa umeunga, na wengine wanasema kuna altrasaundi inayounganisha mfupa haraka. Kweli?

Fizio_Kisauni

Ugua pole kakangu. Hayo ni mawili.

La kupima lipo kwenye utafiti. Probu zote mbili zinawekwa upande mmoja wa mguu, moja juu ya palipovunjika na nyingine chini yake, sauti inasafiri kando ya ganda la mfupa. Palipovunjika pakiwa na damu na nyama changa wimbi linachelewa. Kadiri mfupa mpya unavyoshika madini kuchelewa kunapungua. Ila wewe una chuma, na sauti inaweza kupita kwenye chuma, kwa hiyo kwako eksirei na mkono wa daktari ndivyo vya kutegemea.

La kuharakisha: kuna vifaa vya altrasaundi hafifu vya kujiwekea dakika 20 kila siku. Viliruhusiwa Marekani mwaka 1994. Lakini mwaka 2016 utafiti wa TRUST, wenye wagonjwa 501 waliovunjika mfupa kama wako na kufanyiwa upasuaji, haukuona faida, si kwa kurudi kufanya shughuli wala kwenye eksirei. Pesa zako weka kwenye chakula kizuri, na kama unavuta sigara acha, maana sigara inachelewesha mfupa kuunga bila shaka yoyote.

Dereva_Bodaboda_Changamwe

Shukran dada. Sigara naacha.

KijanaWaFizikia

Bwana fundi, nimepata probu za kukata kutoka idara nyingine. Lakini kwa jeli ile ile sioni kitu, mstari umelala tu. Probu ni nzima, nimezijaribu.

FundiVipimo_Tudor

Probu ni nzima, jeli ndiyo haifai. Wimbi la kukata halipiti kwenye kitu cha majimaji, kwa sababu maji hayana ukakamavu wa kupinga kukatwa, yanateleza tu. Tafuta asali nzito, ile isiyotiririka haraka. Paka tone, bandika probu, zikaze kwa kibanio kidogo, subiri asali ibanike iwe utando mwembamba. Utaona mstari unainuka. Ukimaliza osha kipande kwa maji ya chumvi upesi, kisikaukie na sukari.

Na angalia: wimbi la kukata lina upande wake wa kutikisika. Geuza probu zote mbili zitazame upande mmoja. Ukiiweka moja msalaba na mwenzake ishara inafifia karibu yote.

KijanaWaFizikia

Imekubali! Kasi ya wimbi la kukata ni 1,850. Msongamano mara kasi mara kasi ni gigapaskali 6.7. Nimeiingiza kwenye fomula ya kitabu: hiyo 6.7, mara tatu ya mraba wa kasi ya kusukuma ukitoa mara nne ya mraba wa kasi ya kukata, kugawanya kwa tofauti ya miraba hiyo miwili. Moduli ya Young imetoka 18.3. Imeingia kwenye 17 mpaka 20!

FundiVipimo_Tudor

Hongera sana, mdogo wangu. Sasa andika kwenye daftari lako kwamba fomula hiyo ni ya kitu kilicho sawa pande zote, na mfupa si sawa pande zote, kwa hiyo 18.3 ni makadirio mazuri, si neno la mwisho. Kipande usikitupe. Kigeuze upime kwa mzunguko na kwa kuelekea ubohoni, kusukuma na kukata, uandike na joto la maji. Ukifika kwenye zile zinazohitaji kukata mshazari niandikie, nitakuazima msumeno.

MpimaMeli

Na kile kipande cha alumini pitieni mchukue wote wawili, niko zamu ya asubuhi wiki hii. Kijana akipime kwanza kabla ya kurudi kwenye mfupa.